Siku Waovu Wanne Walipomwamkia Mkubwa Wao

Ninyi mnaochora katuni kwa kidole kwenye kioo cha simu, na mkikosea mnafuta kwa kugusa mara moja, nivumilieni. Mimi nimetoka katika zama za wembe. Kwa miaka kumi na mitatu kazi yangu ilikuwa kuandika maneno ndani ya viputo vya jarida la katuni lililotengenezwa hapa Morogoro Mjini. Nilipokosea nilikwangua wino kwa wembe, taratibu, kama mtu anayemnyoa mtoto mchanga. Karatasi husamehe mara mbili. Ukiikwangua mara ya tatu inatoboka, na shujaa wako anabaki na tundu mahali pa pua. Likumbukeni hilo, maana tutalirudia.

Nilianza kusoma nikiwa na miaka thelathini na mmoja, katika darasa la watu wazima kule Mlali, tayari nikiwa mama wa watoto watatu. Mwalimu wetu alikuwa na sheria moja isiyo na msamaha: kabla ya neno lolote, andika tarehe kwenye pembe ya kulia. Aliyesahau alirudishwa nyumbani na daftari lake, hata kama alikuwa bibi wa mtu. Aliyejua kusoma tangu utotoni huiona tarehe kama kitu cha bure. Mimi niliipata kwa jasho, kwa hiyo siichezei, na mkinisikia nataja siku na saa msidhani najivuna. Ninajivuna, lakini si kwa sababu hiyo.

Kuhusu herufi, mwalimu alisema zisimame kama wanawake wanaotoka kisimani na ndoo kichwani: shingo imenyooka, kila mmoja na nafasi yake, hakuna anayemsukuma mwenziwe. Nimezitazama herufi zenu za siku hizi. Nyingi zimeshamwaga maji njiani.

Kazi yenyewe niliipata kwa sababu ya suruali. Marehemu mume wangu, Mzee Shabani, alikuwa fundi cherehani, na mimi ndiye niliyekuwa nikiandika jina la mteja na tarehe kwenye kipande cha karatasi na kukibana kwenye nguo kwa pini. Alipofariki, nilibaki na nguo za watu zisizokamilika, nikawa nawarudishia mmoja baada ya mwingine. Akaja mtu mrefu mwenye wino vidoleni, anaitwa Masanja, mchoraji. Suruali yake ilikuwa imeshonwa mguu mmoja tu. Yeye hakuitazama suruali. Aliitazama ile karatasi.

“Mama, jina langu halijawahi kuandikwa vizuri namna hii,” akasema. “Nani kaandika?”

“Mimi.”

“Unaweza kuandika madogo zaidi ya haya?”

“Naweza kukuandikia sura nzima kwenye ukucha.”

Wiki iliyofuata, siku ya Jumanne, nilikuwa nimekalia meza yangu mwenyewe kwenye chumba cha ghorofani, dirisha likitazama Uluguru. Suruali ile Masanja aliimalizia kwa fundi mwingine, na hadi leo miguu yake haifanani.

Masanja ni Mnyamwezi, mimi ni Mluguru, kwa hiyo ni watani, na nyumba yenye watani haihitaji redio. Wakati wa masika ukungu ulishuka kutoka milimani ukaingia hadi mezani, wino ukagoma kukauka. Nikawa naleta pepeo la ukili ninalotumia kwenye jiko la mkaa, nikipepea kurasa.

“Mtani,” Masanja aliniuliza, “mishikaki inaiva lini?”

“Ikiiva utaibeba wewe. Si ndiyo kazi yenu tangu enzi za babu zenu, kubeba mizigo ya watu kutoka Tabora?”

“Tulibeba, lakini tulipita tambarare kama watu. Ninyi mlikimbilia mlimani mkafanana na nyani.”

Nawaeleza hayo mjue kwamba kurasa zilitengenezwa na watu waliokuwa wakicheka. Kurasa zinazotengenezwa na watu walionuna huonekana.

Sasa, ufundi. Wengi wenu mnachora kiputo kwanza, kisha mnasukumiza maneno ndani kama mtu anayefunga sanduku la safari kwa kulikalia. Andikeni maneno kwanza. Kiputo kije baadaye, kiyazunguke kwa nafasi ya punje moja ya hindi kila upande. Na kabla ya kuchora mkia wa kiputo, weka kidole kwenye mdomo wa anayesema. Hili nilijifunza kwa aibu. Katika toleo la tatu nilibadilishanisha mikia miwili bila kujua. Shujaa wetu, Dada Ngurumo, ambaye mchana huuza ndizi na uovu ukitokea huita radi kwa kupiga kofi, alikuwa amempakata mtoto aliyemwokoa, akitabasamu. Kiputo chake kikasema: “Nitawameza wote, hata wanaonyonya!” Pembeni, jitu lenye meno ya msumari likasema kwa upole: “Nyamaza mwanangu, mama yako yuaja.” Mama mmoja alilirudisha jarida ofisini akasema mwanawe sasa analitafuta lile jitu limlee.

Kosa hilo nilisamehewa. Lililofuata lilikuwa la namna nyingine.

Mwenye jarida, na mwandishi wa hadithi zake, alikuwa Fadhili, kijana mwerevu aliyekulia Dar es Salaam. Kila asubuhi aliingia kwa kasi na kusema, “Mambo vipi, Mama Mwajuma?” Nilikuwa na miaka hamsini na minane. Nilimjibu, “Salama, mwanangu,” nikitia mkazo kwenye neno la mwisho. Hakuwahi hata siku moja kuusikia mkazo huo.

Jumatano, tarehe kumi na nne Novemba, Fadhili aliingia na kompyuta. Aliiweka juu ya meza ndogo iliyo karibu na yangu, akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati.

“Hii inaandika herufi yenyewe,” akasema. “Haichoki, haikwangui.”

“Na haipepei,” Masanja akaongeza, bila kuinua macho.

Fadhili alinigeukia, na namshukuru kwamba alisema wazi. “Mama Mwajuma, sitaki kukuficha. Nikiona inafaa, toleo la kumi litaandikwa na hii. Lakini nipe toleo la tisa lisilo na kosa hata moja, na meza yako itabaki yako.”

Siku hiyo hiyo akapanda basi kwenda Dodoma kwa shughuli zake, akaahidi kurudi Jumatatu. Nilichukua kitambaa nilichokifuma mwenyewe, nikaifunika ile kompyuta, nikaweka chupa ya chai juu yake. Kisha nikaufungua muswada nikiwa nimeazimia jambo moja: pasiwepo kosa.

Toleo la tisa lilihusu kikosi. Mwovu mkuu, Mzee Kiangazi, mwenye miaka sabini na ndevu nyeupe, amekaa kwenye kiti cha mawe ndani ya pango nyuma ya maporomoko ya maji. Anataka kukausha mito yote ya Uluguru. Peke yake hawezi, kwa hiyo anawaita waovu wanne: Kimbunga, kijana anayeng'oa mapaa kwa pumzi, Panya Chuma, anayetafuna mabomba, Msumeno, anayekata misitu kwa mikono, na Kivuli, ambaye hana mwili. Masanja alikuwa ameshachora kurasa zote kumi na sita. Zilitisha kweli. Nikachovya kalamu, nikasoma maneno ya kwanza ya Kimbunga anapoingia pangoni:

“Oya mzee, umeniitia nini? Ongea haraka!”

Nikaweka kalamu chini.

“Mtani,” nikasema, “hapa pana kosa.”

“Kosa gani?”

“Huyu kijana ameingia kwa mtu mzima. Hakubisha hodi, hakuamkia.”

“Mtani, huyo ni mwovu. Ametoka kung'oa mapaa ya vibanda vyote vya Dumila.”

“Kung'oa mapaa ni kazi yake. Salamu ni malezi yake. Kwani na mama yake alikuwa mwovu?”

Masanja akaanza kufikiri, na hapo ndipo alipopotea. “Mama yake hatujamchora,” akasema.

“Basi usimtukane.”

Vijana, naomba mnielewe. Sikuwa nafanya mzaha. Niliambiwa nisiache kosa, na kosa nililiona kwa macho yangu. Mzee wa miaka sabini, mwenyeji, ndani ya pango lake mwenyewe, anaambiwa “oya”. Ningeliacha vipi? Nikaandika “Hodi.” Nikaandika “Karibu.” Nikaandika “Shikamoo, mzee,” na kwa Mzee Kiangazi, kwa herufi zenye shingo ndefu kuliko zote, “Marahaba, mwanangu. Habari za Dumila?”

“Nzuri, mzee. Mapaa nimeng'oa.”

“Wazima lakini?”

“Wazima wote.”

Nilipotazama, ukurasa ulikuwa umekwisha.

Akaingia Panya Chuma. Huyu alipaswa kumwamkia mzee, kisha kumsalimu Kimbunga, na hapo nikakwama.

“Panya Chuma na Kimbunga, nani mkubwa?”

“Sijui,” alisema Masanja. “Niliwachora siku moja.”

“Masanja. Nitaandikaje salamu pasipo umri?”

Tukakaa Alhamisi nzima, tarehe kumi na tano, tukiwapangia waovu umri. Panya Chuma tulimpa thelathini, maana meno ya chuma hayaoti mapema. Msumeno arobaini na tano, kwa sababu ya mgongo. Tulipomfikia Kivuli tukaanza kubishana.

“Kivuli hana umri,” Masanja alisema.

“Kila kitu kina umri.”

“Ni kivuli tu, mtani!”

“Kivuli cha nini?”

Akatazama mchoro wake mwenyewe kwa muda. “Cha mlima,” akasema.

“Basi ni mkubwa sana.”

“Mpe miaka mia tatu, tuendelee na kazi.”

Nikaandika mia tatu kwenye karatasi ya pembeni, na ndipo tulipotazamana. Kama Kivuli ana miaka mia tatu, basi Mzee Kiangazi, mkuu wa uovu wote, hawezi kubaki ameketi kwenye kiti cha mawe. Masanja alishika wembe bila kuambiwa. Alimkwangua Mzee Kiangazi kutoka kwenye kiti chake, akamchora upya amesimama, ameinama kidogo, kofia mkononi. Nami nikamwandikia: “Shikamoo, babu.” Kivuli hana mdomo, kwa hiyo kiputo cha “Marahaba” nilikitoa ukutani.

Sitakataa kwamba tulifurahi. Tulifanya kazi Ijumaa na Jumamosi kama watu wanaoandaa harusi. Kwenye ukurasa wa nane niliona Msumeno ametoka mbali na hajapewa kitu, tukampa uji. Kufikia ukurasa wa kumi na mbili hakuna aliyekuwa ameitaja mito. Mpango wote wa kuangamiza mkoa niliuweka katika kiputo kimoja: “Basi wanangu, na babu, tukaushe mito.” Wakajibu, “Sawa, mzee.” Dada Ngurumo akabakiwa na kurasa mbili, akafika, akapiga kofi moja, radi ikapasua pango, akarudi kwenye ndizi zake.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na jambo gumu. Muswada ulisema Kimbunga amgeuke mkubwa wake, ampige kofi, akikalie kile kiti. Nililala nalo Jumapili. Kijana amemwamkia mtu, ameitikiwa, halafu ampige kofi? Jumatatu saa moja asubuhi, kofi tukaligeuza kuwa mikono iliyounganishwa kifuani, na nikaandika:

“Mzee, kwa heshima zote, naomba kukupindua.”

“Sawa, mwanangu. Umeshakula?”

Fadhili alifika saa nne. Kurasa zilitakiwa mtamboni saa sita. Alisoma amesimama, begi bado begani. Alipofika ukurasa wa tatu alitua begi.

“Mama Mwajuma.”

“Abee.”

“Waovu wangu wanaulizana habari za nyumbani.”

“Ndiyo. Walikuwa hawajaonana.”

“Ukurasa wa nane wanakunywa uji.”

“Mmoja tu. Amesafiri.”

“Mama, hawa ni majambazi! Wamekuja kuangamiza mkoa!”

“Na wameangamiza walipoweza,” nikasema. “Lakini uovu si sababu ya kukosa adabu.”

Akamgeukia Masanja. “Na wewe? Mwanaume mzima?”

“Mimi,” alisema Masanja, “nilishindwa kujibu swali la mama yake Kimbunga.”

Fadhili akachukua wembe, akaanza kukwangua mwenyewe ile “Shikamoo, babu” iliyogusana na ndevu za Mzee Kiangazi. Nilimwambia aache. Mahali pale Masanja alikuwa amepakwangua mara moja, na mimi mara moja nilipokosea herufi. Hakusikia. Wembe ukapita, na Mzee Kiangazi akawa na tundu katikati ya ndevu, tukaiona meza upande wa pili.

Nilichukua kipande cha karatasi na gundi ya unga, nikaziba kwa nyuma. Masanja akazijaza ndevu upya. Fadhili aliketi akaitazama saa ya ukutani.

“Zipelekwe,” akasema mwishowe. Kisha, bila kunitazama: “Nilikuomba toleo lisilo na kosa.”

“Ndilo nililokupa.”

Nilijibu nimenyoosha shingo. Lakini kurasa zilipoondoka, nilizifunga kalamu zangu ndani ya kitambaa kilichobaki cha Mzee Shabani, nikainua chupa ya chai, nikakiondoa kile kitambaa kwenye kompyuta na kukikunja mara nne. Mtu mwenye heshima hasubiri kuambiwa. Kilichonizuia kuondoka ni kwamba Jumatatu haikuwa imekwisha, na sijawahi kuacha siku katikati. Jumanne nikaja tena kwa sababu hiyo hiyo. Fadhili alipita mbele yangu bila hata “mambo vipi”, na nilishangaa kuona kwamba nimeikosa.

Toleo liliingia mitaani Jumamosi, tarehe ishirini na nne. Sikwenda kulitazama. Jumapili nilikwenda sokoni kununua nyanya, na muuzaji wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake cha siku zote. Mwenzake wa meza ya jirani akamjia, akaunganisha mikono kifuani, akainama.

“Shikamoo, mzee. Kwa heshima zote, naomba kukupindua.”

“Sawa, mwanangu. Umeshakula?” yule akajibu, na wote wawili wakacheka hadi nyanya moja ikaanguka.

Nilishikilia kikapu changu. Mbele kidogo, kwenye uwanja wa msikiti, watoto walikuwa wakicheza waovu, wakigombana vikali juu ya nani awe Kivuli, kwa sababu Kivuli huamkiwa na kila mtu. Bibi mmoja aliyekuwa akiwatazama aliniambia alikuwa amewakataza wajukuu zake yale majarida ya kupigana, lakini hili amelinunua mwenyewe, na la jirani pia amelisoma, kwa kuwa lake limeshachukuliwa.

Bado nilikuwa sijui. Sokoni kucheka ni kitu kimoja, na mwenye jarida ni kitu kingine. Fadhili hakuonekana ofisini Jumatatu, wala Jumanne, wala Jumatano. Kompyuta ilikaa pale wazi, uso mweusi, ikinitazama.

Alhamisi, tarehe ishirini na tisa Novemba, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mlango uligongwa. Hakuna aliyewahi kugonga mlango ule.

“Hodi,” ilisema sauti ya Fadhili, nje ya ofisi yake mwenyewe.

“Karibu,” nikasema.

Akaingia taratibu. Akasimama mbele ya meza yangu, akaunganisha mikono.

“Shikamoo, Mama Mwajuma.”

Vijana, moyo wangu ulishuka hadi kwenye kandambili. Maneno hayo niliyaandika mimi. Nilijua yalivyopangwa: hodi, shikamoo, kisha kupinduliwa. Nikaitikia, “Marahaba,” na sauti ikanikauka kama mto wa Mzee Kiangazi.

“Kwa heshima zote, mama,” Fadhili akaendelea, na nikasikia brashi ya Masanja ikianguka sakafuni, “naomba...”

“Sema tu, mwanangu. Kalamu zangu zimeshafungwa.”

“Naomba unisaidie.” Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwakunjwa, imefutwafutwa. “Ni toleo la kumi. Pango limepasuka, waovu wanaagana, kila mmoja arudi kwao. Nimeandika ‘Kwaherini’, wanatoka mlangoni, basi. Nimeisoma siku tatu. Imekaa vibaya na sijui kwa nini.”

Niliichukua karatasi ile. Niliisoma mara mbili, na tarehe hakuwa ameandika.

“Imekaa vibaya,” nikasema, “kwa sababu hakuna aliyemsindikiza Kivuli. Mtu wa miaka mia tatu anaachwaje atoke peke yake?”

“Amsindikize nani?”

“Wote.”

“Hadi wapi?”

Nilikikunjua kile kitambaa changu cha kufuma, nikaifunika kompyuta, nikazinyoosha pembe zote nne, na juu yake nikairudisha chupa ya chai. Kisha nikavuta kigoda kutoka chini ya meza yangu.

“Haraka ya nini?” nikamwambia. “Kaa kwanza. Umekunywa chai?”